Shangazi, mtoto aliyefanya yote ndo alirudi nyumbani bila beji

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie mwanao, tangu jumamosi ya wiki iliyopita sijatulia kabisa, kila nikikaa naiona sura ya yule mtoto.

Mi najitolea kama kiongozi kwenye kundi la maskauti wadogo, watoto wa miaka 8 mpaka 12, wapo 28 na tumewagawa patroli nne za saba saba. Viongozi tuko watatu. Mwanzo wa mwaka tulikuwa wanne ila mmoja akahama ghafla kwa sababu ya kazi, na huyo ndo alikuwa anatunza daftari la maendeleo la patroli mbili, nani kamaliza nini, nani kabakiza sharti gani kwenye beji gani. Anasema daftari aliliacha kabatini. Kabati tumelitoa lote nje, tumepangua mpaka mahema, daftari hakuna.

Sasa badala ya kukaa chini tuanze upya taratibu, mi nikaja na wazo ambalo siku ile niliona ni la maana sana. Tukafungua grupu la WhatsApp la wazazi, tukawaambia mtoto akifanya jambo lolote la beji, kapika, kapanda mti, kafunga fundo, kamsaidia jirani, piga picha tuma sisi tutaandika. Nikatengeneza jedwali kwenye simu, kila mtoto na mstari wake, picha ikiingia natia tiki. Alafu ili watoto wapate motisha nikachapa karatasi kubwa nikabandika ukutani pale tunapokutania, majina yote 28 kwa mpangilio wa pointi, mwenye nyingi juu mwenye chache chini, kila mwezi nabadilisha.

Ikafika siku ya kugawa beji. Wazazi wamejaa, watoto sare zimepigwa pasi, tukaanza kuita majina. Kuna kijana mmoja aliitwa mara tisa, ilipofika mara ya sita makofi yenyewe yalishapungua, na mtoto mwenyewe nilimwona anainama, hajisikii vizuri. Na kuna binti mmoja wa miaka 10 hakuitwa hata mara moja. Shangazi, huyu binti ndo anafika wa kwanza kila jumamosi, anafungua madirisha, anapanga kamba, na watoto wapya wote pale mafundo wamefundishwa na yeye. Kila nikitaka kuita jina jipya namwona ananyoosha skafu yake, anavuta soksi, anakaa wima, jina linatoka ni la mwenzake. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Tulipomaliza akaivua skafu, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka kwenye begi, akatoka.

Mama yake alinifuata jioni, hakuja kwa shari, ameuliza tu kwa upole, "Kaka, mwanangu alikosa nini?" Nikaanza kumweleza habari za picha na grupu, akanionyesha simu yake. Ni kitochi. Grupu hayumo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza mbona huyu mama hayumo.

Nikaenda nyumbani nikafungua lile jedwali, mstari wa binti una tiki mbili. Mbili, mwaka mzima.

Tulikaa kikao viongozi tukagawanyika. Mwenzangu mmoja anasema kuanzia sasa tuwape wote beji sawa yaishe, hakuna atakayelalamika. Mwingine anasema utaratibu ni utaratibu, kisichoandikwa hakipo, tukimpa huyu bila kumbukumbu kesho watakuja wengine ishirini. Mzazi wa yule wa beji tisa naye kasikia fununu, kashasema tukigusa beji za mwanae anamtoa. Na sikufichi Shangazi, kijana wangu mwenyewe yupo kwenye kundi, ana beji nne, tatu nimesaini mimi, sikuwahi kuona tatizo ila sasa hivi nikiangalia ile sahihi yangu naona haya. Alafu kuna mtoto mwingine ana kigugumizi, amekwama mwaka mzima kwenye beji moja kwa sababu ya sharti la kueleza mbele ya kundi, maneno yanagoma, anakaa.

Nimpelekee tu binti beji zake nyumbani? Na mbele ya safari niandikeje mambo ya watoto 28 bila kumpoteza yeyote? Mi nawapenda hawa watoto Shangazi, sikukusudia.

Wako,
Kiongozi mwenye deni

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nilisimama kwenye ile skafu iliyokunjwa mara nne nikashindwa kuendelea kwa muda. Nimeongoza watoto wa skauti miaka mingi kabla magoti hayajaanza kukataa kambi, na kosa ulilofanya mi nimelifanya, kwa kalamu na karatasi, kabla hata simu za picha hazijaja, kwahiyo naongea na wewe kama mtu anayejua uchungu wake.

Kwanza nikwambie nilichokiona. Wewe unadhani ulikuwa unahesabu kazi za watoto, hapana mwanangu, ulikuwa unahesabu taarifa za wazazi. Mtoto ambaye mzazi wake ana simu nzuri, ana muda, ana bando, na anapenda kupiga picha, kapanda juu. Mtoto ambaye mama yake ana kitochi kabaki chini, na ile karatasi ukutani ikamwambia kila jumamosi kwamba yeye ni wa mwisho, huku akipanga kamba. Yule kijana wa beji tisa hana kosa lolote, binti hana kosa, hata wazazi hawana, kipimo ndo kilikuwa kibovu. Ukilishika hilo mengine yote yatakaa sawa, maana utaacha kutafuta nani alipendelewa utaanza kutafuta ni jicho la nani lilikuwa linaangalia.

Sasa swali lako la kwanza, umpelekee beji nyumbani? Usifanye hivyo. Beji ikifika mlangoni jioni kwenye bahasha inakuwa kama ya kumnyamazisha mama, na mtoto wa miaka 10 anaelewa hilo vizuri sana. Wewe nenda kaongee nae, yeye mwenyewe, sio mama yake peke yake. Chuchumaa umtazame macho kwa macho umwambie mi nilikosea, ulifanya kazi na sikuiandika, sio kwamba hukuweza. Maneno hayo hayo, usiyapambe. Watoto wengi wakikosa kitu wanajilaumu wenyewe kimya kimya, anaweza kuwa sasa hivi anaamini fundo lake ndo lilikuwa baya.

Alafu jumamosi inayofuata kaa nae pembeni na orodha ya masharti ya beji, mpite moja moja. Usimrudishe mwaka mzima nyuma aanze upya, hiyo ni adhabu kwa kosa lako. Yale ya kuonyesha aonyeshe, mpe kamba afunge fundo la kuunganisha kamba mbili, afunge kitanzi kisichokaza cha kuokolea mtu, itamchukua dakika ngapi? Huyo ndo kawafundisha wenzake, na mtu anayeweza kumfundisha mwingine keshavuka kujua. Yale ambayo hayawezi kuonyeshwa tena, mfano alikuwepo kwenye matembezi au alishiriki usafi, waulize wenziwe wa patroli na kiongozi wa patroli yao, watoto wanakumbuka kuliko sisi, atakwambia mpaka siku hiyo nani alisahau chupa ya maji. Andika tarehe ya leo, andika umeonaje, saini. Hapo na yule mwenzako wa "kisichoandikwa hakipo" unakuwa umemjibu, kwa sababu kitakuwa kimeandikwa. Yuko sahihi kwamba kumbukumbu ni lazima, ila kumbukumbu ikipotea mikononi mwa viongozi gharama yake inalipwa na viongozi. Na wale wote wa zile patroli mbili ambao daftari lao lilipotea wafanyiwe hivyo hivyo, sio binti peke yake, maana huyu mama yake kaja kuuliza, wapo ambao mama zao hawakuja.

Tuje kwenye kuandika. Unajua skauti ilivyoanza, mwaka 1907 Baden-Powell, mwanzilishi wake, aliwapeleka wavulana kama 20 kambini kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, wengine watoto wa matajiri kutoka shule kubwa wengine watoto wa wafanyakazi, akawachanganya, akawagawa patroli nne na kila patroli ikawa na kiongozi ambae ni mvulana mwenzao. Ile haikuwa urembo. Kikundi kidogo cha watoto sita mpaka wanane ndo ukubwa ambao mtu mmoja anaweza kumwona kila mwenzake. Wewe una patroli nne za saba saba tayari, una viongozi wa patroli wanne, alafu umeenda kuomba ushahidi kwa wazazi nyumbani! Rudi kwa patroli. Dakika kumi za mwisho za kila mkutano, kabla ya kushusha bendera, kila kiongozi mtu mzima akae na kiongozi wa patroli amuulize mambo mawili tu: leo nani kaweza kitu ambacho wiki iliyopita hakuweza, na nani hatujamtaja. Hilo la pili ndo lenye mali. Siku ya kwanza atakwambia hakuna, wiki ya tatu atakwambia "aa, fulani, hata sijui alikuwa anafanya nini", na hapo umempata mtoto ambaye alikuwa anapotea.

Andikeni siku hiyo hiyo, msiseme nitajaza nyumbani, nyumbani kuna mambo yake na ikifika jumatano umeshasahau ni nani alijaribu na nani aliweza. Na haya mawili yatenganishwe, maana kwenye jedwali lako tiki ni tiki tu, mtoto aliyesimama kwenye picha karibu na sufuria na mtoto aliyepika wote wana tiki. Mi nilikuwa natumia kistari kimoja cha mlalo kwa mtoto aliyeanza au aliyefanya kwa kusaidiwa, siku akiweza mwenyewe nakata kistari cha wima juu yake kinakuwa msalaba, pembeni tarehe na herufi za jina la aliyeona. Ukitazama ukurasa unaona vistari vinavyosubiri, unajua jumamosi ijayo uanze na nani. Kuhudhuria nako kuwe na mahali pake, rejista ya mahudhurio ni ya usalama, kujua nani yupo, isigeuke kuwa kipimo cha juhudi, kuna mtoto anakosa jumamosi mbili kwa mwezi kwa sababu analea wadogo zake.

Na kila mtoto awe na kadi yake mwenyewe, ya karatasi ngumu, yenye masharti yake, anaiweka kwenye mfuko wa shati. Kiongozi akisaini daftari anasaini na kadi. Hii ndo ingemwokoa binti, daftari la kundi likipotea mtoto anayo yake, kadi ya mtoto ikiloa mvua kundi lina daftari. Juu ya hapo mwisho wa kila mwezi piga picha kurasa za daftari, viongozi wawili tofauti wawe na nakala, na kiongozi akiondoka asiondoke mpaka amekaa na anayepokea wakapitia mtoto mmoja mmoja. Jedwali la simu likiwepo sawa, linasaidia kujumlisha, ila liwe nakala ya daftari, lisiwe ndo chanzo. Mzazi aonyeshwe maendeleo ya mtoto wake tu, habari za watoto wa watu hazitupwi kwenye grupu, hata kama ni nzuri. Na mzazi asiye na simu ya tachi kadi ya mtoto inamtosha, anaisoma mezani jioni.

Kitu kingine, jizoeshe kulisoma daftari kwa kutafuta nafasi tupu. Sisi viongozi tunapenda kuangalia nani kamaliza, ni raha. Wewe fungua daftari kila mwisho wa mwezi utafute mtoto ambaye wiki sita hana hata kistari. Huyo usimwite umuulize mbona huna juhudi, jiulize wewe, nimemwona lini mara ya mwisho? Nimempa nafasi lini? Tiki mbili za mwaka mzima zilikuwa zinakuita tangu mwezi wa nne mwanangu, nakwambia kwa upendo.

Kuhusu mambo yanayofanyika nyumbani usiyafute, yana thamani, ila yaje kundini kwa mlango mmoja. Picha isitoshe. Mtoto aje asimame na patroli yake dakika mbili awaeleze alifanyaje, wenzake wamuulize swali, au aonyeshe. Aliyepika kweli utamjua, atakwambia ugali ulianza kushika chini akapunguza moto. Utaratibu huu haumnyang'anyi yule kijana chochote, beji zake tisa zibaki, mwambie mzazi wake hivyo wazi mapema, hakuna beji itakayovuliwa kwenye sare ya mtoto, kilichobadilika ni namna ya kuona kuanzia sasa. Na mwangalie huyo kijana pia. Umesema aliinama. Mtoto anayeinama wakati anapigiwa makofi ana kitu, labda anajua nyingine hakuzifanya kivile, labda anaona macho ya wenzake, kaa nae umsikilize.

Na hapo hapo kwenye mambo ya nyumbani kuna watoto wanafanya makubwa na hawajui kama ni mafanikio, wanaona ni kazi za ndani tu. Niliwahi kuwa na binti wa miaka 11, mkimya, beji ya upishi hajaigusa, siku moja kambini jikoni kukawa na kuni mbichi moto hauwaki, wakubwa wamepuliza mpaka macho mekundu, yeye kaja kapangua kuni zote, kaweka vijiti vyembamba kwanza akaacha nafasi chini hewa ipite, ukawaka. Nikamuuliza umejifunza wapi, akasema "si napika kila siku Bibi, mama anatoka alfajiri." Alikuwa analisha watu wanne nyumbani kila siku na kwenye daftari langu upishi wake ulikuwa mweupe peee. Tangu siku ile kila mtoto akijiunga nilikuwa namuuliza nyumbani unafanya nini, unamsaidia nani, alafu nafungua orodha ya masharti mbele yake tunatafuta pamoja ni yapi tayari anayaweza. Fanya hivyo, utashangaa.

Sasa ile karatasi ya ukutani. Mwanangu sipendi kabisa mpangilio wa majina ya watoto juu mpaka chini, na sio hisia zangu tu. Mwaka 1973 watafiti wa saikolojia kule Marekani, Mark Lepper na wenzake, walichukua watoto wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja wakaahidiwa kabisa mkichora mtapata cheti kizuri chenye utepe, kundi lingine wakachora tu alafu wakashtukizwa na cheti kile kile, la tatu hawakupewa kitu. Baadae kalamu zikawekwa tena darasani bila ahadi yoyote, mtoto achore akitaka. Wale walioahidiwa wakachora kama nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na kitu. Maana yake cheti chenyewe hakikuwa na sumu, kilichoharibu ni ile biashara ya kabla, fanya hiki nikupe kile, mtoto akaanza kuona kuchora ni kazi ya kulipwa. Kwa mtoto ambaye kitu hakijamvutia bado, zawadi ndogo inaweza kumsaidia aanze, hilo nalikubali, ila watoto wako wanapenda kamba na moto na matembezi tayari, kwanini tuwalipe pointi kwa kitu wanachokipenda? Na mbaya zaidi pointi zilizopangwa zinamfundisha wa juu kuchagua beji rahisi ili asishuke, na wa chini kwamba hakuna haja.

Mwenzako anayesema wape wote beji sawa ana huruma, namwelewa, ila hapana. Watoto wanajua. Ukimpa beji ya mafundo mtoto ambae hajawahi kufunga fundo, ukampa na yule aliyefunga mpaka vidole vikauma, wote wawili umewadharau. Kinachotakiwa kuwa sawa kwa wote ni nafasi ya kuonekana. Beji itoke mkutano unaofuata baada ya mtoto kumaliza, moto bado, patroli yake imekaa duara, anashonewa au anabandikwa, saluti, tunaendelea na mchezo. Msizilimbikize mwaka mzima, mkilimbikiza ndo mnapata hayo ya mtu kuitwa mara tisa. Siku kubwa ya wazazi kila mtoto aitwe mara moja tu, wote 28, na kiongozi wake aseme sentensi moja ya kweli juu yake, kitu ulichokiona kwa macho yako. "Huyu mwezi wa pili alikuwa anaogopa maji, sasa anaelea." "Huyu ndo amefundisha mafundo watoto wapya wote." Hapo daftari lenye tarehe litakusaidia sana, usije ukatunga sentensi ya jumla jumla kama "mtoto mzuri mwenye nidhamu", mtoto anaisikia kwamba ni tupu. Na kama sentensi inagusa kitu cha aibu, mfano alikuwa analia usiku kambini, muulize mwenyewe kwanza kama anakubali isemwe.

Huyo wa kigugumizi ndo amenigusa zaidi, labda kwa sababu umemweka mwishoni kabisa wa barua. Ahadi ya skauti yenyewe inasema nitajitahidi kadiri niwezavyo. Na Baden-Powell alisema wazi kabisa kwamba kipimo cha beji sio ubora fulani wa kazi kwa wote, ni kiasi cha juhudi aliyoweka mtoto mwenyewe, ndo maana mtoto anayehangaika anaweza kuistahili sawa na aliyezaliwa na kipaji. Kwahiyo jiulize lile sharti la kueleza mbele ya kundi linataka nini. Linataka ujue kama anaelewa na anaweza kumpa mwingine anachokijua. Basi aeleze kwa mtu mmoja, au achore hatua kwenye karatasi aonyeshe kwa kidole, au afundishe mdogo mmoja kwa vitendo huku wewe unaangalia. Kaa nae na mzazi wake, muulize yeye anachagua njia gani, usimchagulie. Akitaka kuongea mbele ya patroli yake ya watoto saba tu mwache, na patroli iambiwe mapema hakuna kumalizia mtu sentensi. Na hii isiwe siri wala upendeleo, kwenye daftari andika "ameeleza kwa kuchora", saini, tarehe. Msalaba wake ni msalaba kama wa wengine.

Kijana wako, hili ni fupi. Usisaini tena kitu chake chochote, hata kama umekiona kwa macho yako. Mwambie kiongozi mwenzako azipitie zile tatu ulizosaini, amwombe kijana amwonyeshe, akiweza ziko sahihi na zina sahihi ya mtu mwingine. Mweleze kijana kwanini, asije akafikiri amekosea. Utamlinda yeye kuliko mtu yeyote, maana watoto wenzake wanasema, hata kama wewe husikii.

Mkae kikao kingine wiki hii kabla ya jumamosi, mkubaliane haya kwa pamoja, alafu muwaambie wazazi wote siku moja maneno yale yale, na yule mama wa kitochi apigiwe simu, asisikie kwa jirani. Mwambie pia kwamba swali lake ndo limewafungua macho, maana ni kweli.

Jumamosi fika mapema kuliko binti safari hii. Fungua madirisha wewe, panga kamba wewe, na ile karatasi ibandue ukutani kabla hajaingia.

Shangazi yako